Kisahani cha Namba Saba

Jumapili, 12 Februari

Manati, mdogo wangu,

Mimi mzima, ila mgongo. Mgongo ulishaacha kuwa wangu tangu nilipoanza kubeba saruji. Habari njema ni kwamba saruji nimeachana nayo, nimepata kazi nyingine. Kaa chini kwanza ndipo usome: kutwa nzima napigiwa risasi.

Sentensi hiyo usimsomee mama. Mwambie niko ofisini, ofisi iliyo chini kidogo.

Ni uwanja wa shabaha, nje ya mji, nyuma ya machimbo ya kokoto. Wapigaji wanalala kifudifudi kule mbali, mita mia sita, na sisi tuko huku ndani ya handaki refu la zege. Juu ya vichwa vyetu ndipo zinaposimama karatasi za shabaha kwenye fremu, na kila mtu ana fremu yake. Risasi ikipita, navuta mnyororo, fremu inashuka, natafuta tundu. Nikilipata nachomeka hapo kisahani chenye kijiti, ili mpigaji akione kwa darubini yake ajue amepiga wapi. Tundu la zamani naliziba kwa karatasi na gundi. Nainua tena. Mikono inanuka gundi hata nikila.

Lakini sikia hili. Risasi inafika kabla ya sauti yake. Mimi nilidhani bunduki inalia kwanza halafu risasi ndiyo inakuja, kama mgeni anayebisha hodi. Sivyo kabisa. Kwanza hewa juu ya utosi wako inapasuka, pa!, kama ubao mkavu uliovunjwa kwenye goti. Karatasi tayari ina tundu. Umeshashika mnyororo ndipo unasikia kutoka mbali, polepole, kama mtu anakohoa chumba cha pili: du. Siku ya kwanza nilisahau kazi. Nilisimama mdomo wazi mpaka jirani yangu wa handakini, tunamwita Kinyozi kwa sababu ndiyo kazi aliyoiacha, akanipiga kofi la kisogo.

“We Mlingoti, unasubiri ikupe mkono?”

Ndiyo, hata huku ni Mlingoti. Sikuwaambia mimi, urefu wangu umejitambulisha wenyewe. Ukuta unanifunika, lakini nikinyoosha mikono vidole vinatokeza juu, kwa hiyo msimamizi amenichorea mstari mwekundu ukutani. Mkono wangu ukivuka mstari huo, anasema, atanirudisha kwenye saruji na vidole vichache.

Wewe ndiye mwenye bunduki katika ukoo huu. Tangu ulipokuwa binti mdogo mwenye ile manati, ukidondosha makopo juu ya ukuta wa choo, na mimi nikiwa ndani. Niambie: ulijua haya ya sauti? Mbona hukuwahi kuniambia?

Kaka yako,
Mlingoti

*

Jumatano, 1 Machi

Kaka,

Barua yako nimemsomea mama mara tatu, kila mara nikiruka palepale. Anafurahi uko ofisini. Amewaambia majirani. Mmoja akauliza ofisi gani ipo chini kidogo, mama akamjibu kwamba wakubwa wote siku hizi wanakaa chini kwa sababu ya joto.

Sikukuambia habari ya sauti kwa sababu sikuijua. Mimi nakaa upande ule mwingine. Kwangu bunduki inalia begani, halafu kimya, halafu nangoja. Miaka yote nimekuwa napeleka tu, sijawahi kupokea. Nimeisoma barua yako nikiwa zamu ya mnara wa gereza, nikatazama bunduki yangu kama mtu niliyemzoea ambaye kumbe ana lugha nyingine.

Sasa nina shida na wewe. Timu yetu ya askari magereza imezoea mita mia moja, ambako hata macho matupu yanatosha. Mwaka huu mkuu ametusajili kwenye mashindano ya mita mia sita. Amesema wazi: atakayeingia kwenye watatu wa kwanza anabaki kwenye timu. Asiyeingia anarudisha bunduki stoo na kwenda kukaa getini kupekua vikapu. Kaka, mimi na getini hatupatani. Kitu kimoja tu nakifanya vizuri duniani, unakijua.

Tumeruhusiwa kununua darubini za bunduki, kila mtu achague yake. Nimeona moja inayokuza mara thelathini na mbili. Naitaka hiyo. Wewe uko na watu wanaojua, waulizie kama ni nzuri, lakini uliza haraka, maana nimeshaamua.

Mdogo wako,
Manati

*

Jumapili, 12 Machi

Manati,

Nimeuliza. Umechekwa.

Kuna fundi wa bunduki hapa, mwanamume mkali, anakula peke yake chini ya bati la karakana. Nikamfuata na chai.

“Fundi, mdogo wangu anataka darubini ya mara thelathini na mbili.”

“Anawinda nini, utitiri?”

“Shabaha. Mita mia sita.”

“Mwambie aache ulafi.” Akaweka kikombe chini. “Ukikuza sana, hukuzi shabaha peke yake. Unakuza na mapigo ya moyo wako, na joto la ardhi, na tetemeko la mikono. Picha inakuwa na giza na dirisha linakuwa dogo. Kichwa kikisogea kidogo tu, huoni kitu. Kumi mpaka kumi na tano, kioo safi, basi. Tena kabla ya kioo aangalie pete zinazoishika. Watu wananunua darubini ya kifalme wanaifunga kwa skrubu zinazocheza.”

Nilimuuliza utajuaje nzuri ukiwa dukani. Akasema vile virungu vya kurekebishia, vya juu na vya pembeni, vizungushwe vilie tik, tik, kumi kwenda, kumi kurudi, na ule msalaba wa kulengea ulio ndani ya kioo urudi palepale ulipotoka. Usiporudi, hilo ni pambo. Halafu bunduki ilazwe kwenye mifuko ya mchanga, mtu asiiguse, asogeze kichwa tu nyuma ya kioo. Msalaba ukitembeatembea juu ya shabaha, kuwe na kirungu cha kuutuliza. Kama hakuna, kwa umbali huu uiache hapohapo ulipoikuta.

Nikadhani tumemaliza. Akasimama. “Wewe umeshawahi kuangalia?”

Akanipeleka mpaka mstari wa wapigaji. Uwanja ulikuwa umefungwa, bunduki haina risasi na komeo la kupakilia limetolewa. Nikalala kifudifudi, mgongo ukalia, nikaweka jicho.

Manati, niliona handaki langu. Niliona ukuta wangu, na juu yake fremu niliyoiziba mwenyewe asubuhi, na viraka vyangu vya gundi, kimoja kimekaa upande kama kofia ya mlevi. Na kati yangu na hapo kulikuwa na mto. Nakuapia. Maji yasiyo maji, yanatiririka hewani kutoka kushoto kwenda kulia, na shabaha inaelea ndani yake kama sahani iliyosahauliwa kwenye beseni. Nikamuuliza nini hicho. “Joto,” akasema. “Linapanda kutoka ardhini, upepo unalilaza. Likilala kulia, upepo unakwenda kulia, na risasi nayo. Likisimama wima limechemka, usipige, ngoja.”

Napita uwanja huo kila siku na koleo begani. Sikujua kama natembea ndani ya mto.

Basi kaka yako aliyeishia darasa la sita anakwambia: mara kumi na tano, kioo safi. Acha utitiri.

Mlingoti

*

Jumanne, 28 Machi

Kaka,

Asante na umshukuru fundi. Lakini mimi nataka ya thelathini na mbili. Nina sababu zangu.

Nakutumia karatasi zangu za mazoezi, kwa kuwa wewe sasa ni bingwa wa matundu. Uangalie uniambie naharibu wapi. Ni za mita mia tatu, uwanja wetu hauzidi hapo. Bunduki ileile, boksi moja la risasi.

Mama anauliza unavaa nini huko chini.

Manati

*

Jumapili, 16 Aprili

Manati,

Mama umwambie navaa sweta lililotoboka kiwiko.

Karatasi zako nimezibandika ukutani juu ya kitanda. Tunalala wanne humu chumbani, na jana Kinyozi aliuliza kama nimeoa kichujio cha chai.

Zile za kwanza: matundu yako juu na chini yako sawa, lakini kwenda pembeni yametawanyika kama kuku waliotupiwa jiwe. Skrubu zikilegea matundu yanahama kila upande. Mtutu ukipata moto yanapanda. Haya yako hayafanyi hivyo. Nikayapeleka kwa fundi, akasema bunduki haina kosa, mpigaji haoni vizuri anapolenga. Nikamwambia mdogo wangu anaona mchwa akiwa juu ya paa.

Halafu hizi za mwisho. Ghafla fungu zuri, dogo, naweza kulifunika kwa kifuniko cha soda. Nikafurahi. Kisha nikaona kitu. Zamani risasi yako ikikutoroka, ilikutoroka kulia chini. Tangu zile za kwanza kabisa ulizowahi kunionyesha nyumbani, kulia chini. Kwenye hizi inatoroka kushoto chini. Nimezigeuza, nimezipandisha dirishani kwenye mwanga, nimehakikisha siziangalii kwa nyuma. Kushoto chini. Kama mwandiko wa mtu aliyebadili mkono.

Unatumia bega la kushoto. Na ulitaka darubini ya kukuzia utitiri.

Unanificha nini, Manati? Usinijibu habari za mama.

Mlingoti

*

Alhamisi, 4 Mei

Kaka,

Ukurasa huu simsomei mama.

Jicho la kulia linakufa. Lilianza mwaka jana kama mvuke kwenye kioo cha kujitazamia, nikawa nalifikicha. Daktari ameliangalia akasema ni mshipa wa ndani, miwani haisaidii, kisu hakisaidii. La kushoto amesema ni zima na litabaki zima. Alisema kwa upole sana, nikatamani anifokee.

Nikafikiri nikipata darubini kubwa kuliko zote nitauvuta ule msalaba mpaka niuone. Kazini hajui mtu. Mkuu akijua kabla ya mashindano, naenda getini kesho yake, na ana haki. Halafu barua yako ya mto ikafika. Nikaisoma nikiwa mnarani, na nikafumba jicho la kulia, nikatazama mbali kwa la kushoto peke yake, juu ya bati la jiko letu la gereza. Nikauona, Kaka. Mto wako. Ulikuwa unatiririka juu ya bati, na miaka yote hiyo mnarani sikuwahi kuutazama.

Ndipo nikahamisha bunduki, ingawa kwa woga bado niling'ang'ania ile darubini kubwa. Kila kitu kiko upande usio wake. Komeo liko kulia, kwa hiyo nikimaliza kupiga lazima nipitishe mkono juu ya darubini kulivuta, kama mtu anayejikuna sikio la pili. Shavu linakaa pasipo pake. Wiki ya kwanza nilipiga udongo. Nilianza upya kama kuruta: mifuko ya mchanga mbele na nyuma, pumua, toa pumzi, katikati ya pumzi mbili bonyeza polepole mpaka bunduki ikushtue yenyewe. Napiga mbili karibukaribu, halafu nangoja muda mrefu, maana jicho la kushoto halijazoea kazi, linatoa machozi.

Nimechukua ya mara kumi na tano. Kioo safi. Pete nimezikaza mwenyewe, virungu nimevizungusha mpaka muuza duka akaniuliza kama nataka kununua au kuvikamua. Msalaba unarudi palepale.

Mashindano ni tarehe 17 Juni. Nimeletewa jina la uwanja. Ni nje ya mji, nyuma ya machimbo ya kokoto.

Usicheke. Nilikaa chini kama ulivyonifundisha.

Manati

*

Jumamosi, 20 Mei

Manati wangu,

Sikucheka. Nilitoka nje nikazunguka nyumba. Kisha nikarudi nikasema samahani kwa zile karatasi ukutani, kwa vile nilivyoziita kuku.

Hilo jicho ni langu pia, lilinichungulia tangu ukiwa unatambaa. Sijui kuandika zaidi ya hapo.

Sasa tuongee kazi. Huku chini hatujui nani anapiga wapi. Wapigaji wanapewa namba asubuhi kwa kura, sisi tunaona namba na matundu tu. Ndivyo inavyotakiwa, mtu asimpendelee mtu. Kwa hiyo ukipewa namba yako usitafute njia ya kuniambia, na mimi sitauliza. Siku hiyo nitakuwa kibarua na wewe mpigaji. Lakini ikiisha, getini. Nisubiri getini chini ya ile taa iliyopinda. Utanijua, mimi ndiye taa ya pili.

Mto wa huku asubuhi unakwenda kulia. Mchana unageuka bila kuaga. Hilo nimemuuliza fundi kama ni siri, amesema linaonekana na kila mwenye macho, kwa hiyo nakwambia.

Mlingoti

*

Jumamosi, 17 Juni

Manati,

Naandika kwenye ngazi za bweni, sweta jipya la mama liko mwilini, linanitosha kila mahali isipokuwa mikono. Mlinzi wa geti alinipa furushi. Akasema dada mmoja mfupi amesimama chini ya taa mpaka lori lenu limempigia honi mara ngapi sijui, dereva akashuka kumfuata. Sisi hawakututoa shimoni mpaka karatasi ya mwisho imezibwa na fremu zimeingia stoo. Nilikimbia, Manati. Na mgongo huu. Nikakuta alama za matairi tu.

Sijui hata umekuwa wa ngapi, maana matokeo yanabandikwa kule juu kwa wapigaji. Nitasubiri barua yako. Lakini leo nimeona mambo mawili, nikilala bila kukuandikia nitapasuka.

La kwanza ni lako. Nilipangiwa namba tatu. Risasi za mwanzo, nikasikia: pa, pa, mbili karibukaribu. Halafu kimya kirefu. Halafu pa, pa. Nikaacha kupumua. Na fungu lenyewe zuri, na moja imetoroka kushoto chini. Nilikujua kama mtu anavyojua hatua za mwenzake kwenye ngazi. Machozi yakanitoka ndani ya gundi. Kisha nikajikuta naomba kila risasi yako iingie katikati, nikajua siwezi kuendelea kuwa hapo. Nikaenda kwa msimamizi.

“Mkuu, nitoe namba tatu. Huyo ni mdogo wangu.”

“Nani kakwambia?”

“Hakuna. Namjua anavyopiga.”

Alinitazama kama anayetafuta harufu ya pombe. Lakini ni mtu wa haki, akanibadilisha na Kinyozi. Nikaenda namba saba, nikaikuta karatasi ya mtu baki, moyo ukatulia. Nilikutolea macho kwa mbali siku nzima. Kinyozi alipokuwa akishusha fremu yako alikuwa ananikonyeza.

La pili ni la huyo mtu wa saba, na hili sijui kama utaniamini.

Alikuwa anapiga taratibu, hana mwendo maalumu. Anangoja, anangoja, unadhani amekwenda kunywa maji, kisha pa. Nadhani alikuwa anangoja mto usimame anavyotaka. Risasi yake moja kabla ya mwisho ilikwenda katikati kabisa. Nikachomeka kisahani changu palepale katikati, nikainua. Ikabaki moja. Ikapita juu yangu, pa!, niliihisi kwenye nywele. Nikashusha. Hakuna tundu.

Nikatafuta. Nikapitisha kiganja karatasi nzima, viraka vyote, pembeni, kwenye mbao. Hakuna. Na kisahani hakipo. Nikadhani kimeanguka nilipokuwa nashusha.

Msimamizi akafika. “Namba saba, mbona mnachelewa?”

“Sioni tundu, mkuu.”

“Basi amekosa. Inua bendera nyekundu.”

Ndiyo sheria, tundu lisipoonekana mtu amekosa. Nikaishika ile bendera. Lakini ile sauti, Manati. Risasi iliyokosa fremu inalia mbali, pembeni. Ile ililia pangu.

“Mkuu, nipe dakika.”

“Watu kumi wanakusubiri wewe!”

“Mkuu, huyu mtu hajakosa. Mimi simjui, hanijui. Nasema hajakosa.”

Nikapiga magoti kwenye mchanga. Nikakipata kisahani chini ya ukuta wa nyuma, vipande vitatu. Na ndani ya lile tundu la katikati kulikuwa na nusu ya kijiti, imekatwa kama kwa wembe. Alikuwa amekipiga kisahani chenyewe. Kutoka mita mia sita, kupitia ule mto, amepeleka risasi ndani ya tundu la risasi yake mwenyewe, na kwa kuwa haikuacha tundu jipya tulikuwa tunataka kumwambia amekosa.

Nikampa msimamizi vipande. Akavipanga kiganjani. Akapeleka kidole kwenye tundu, akakuta limepanuka upande. Kinyozi akaja, na wengine wakaja, handaki zima, tumesimama tunatazama kijiti kama watu waliozunguka mtoto aliyezaliwa. Hakuna aliyetania. Msimamizi akavua kofia.

“Katikati,” akasema. “Mwinulie.”

Sikutumia mnyororo, Manati. Nikaisukuma fremu kwa mikono miwili mpaka juu. Nimeuvuka mstari mwekundu, na safari hii hakunifokea.

Nimeomba vipande, amenipa. Viko mfukoni. Kama kule juu uliwahi kumwona aliyelala namba saba, niambie ni mtu wa namna gani. Nataka tu kujua kama anakula chakula kama sisi.

Na wewe je? Niambie haraka.

Mlingoti

*

Jumamosi, 17 Juni

Kaka,

Naandika ndani ya lori, mwandiko uvumilie. Nilisimama chini ya taa mpaka dereva akaja kunishika mkono. Sweta umelipata? Mama alipima mikono kwa kukumbuka.

Nimekuwa wa tatu. Wa tatu, Kaka! Wenzangu wanaimba huku nyuma, mmoja ameshatapika. Nimemfuata mkuu nikamwambia habari ya jicho, nikiwa bado na vumbi kifuani. Kisha akasema, “Kwa hiyo leo umepiga kwa kushoto?” Nikasema ndiyo. Akasema kumbe siku zote nilikuwa namdhulumu kwa kulia. Nabaki kwenye timu.

Lakini nilikuwa karibu kufa. Zile mbili-mbili zangu niliziacha leo, maana mto wenu uligeuka kweli, bila kuaga, na nikaona nikipiga mbili, ya pili inakwenda na maji. Kwa hiyo nilikuwa nangoja ulale kama ulivyolala mara ya kwanza, ndipo nabonyeza. Machozi yalitiririka, nikayaacha. Ya kabla ya mwisho ilikaa katikati, nikakiona kile kisahani chenu kidogo kama mbegu. Ya mwisho nikakilenga chenyewe. Nikabonyeza, fremu ikashuka.

Haikupanda. Wenzangu wote wameshainuliwa zao, yangu haipo. Naangalia ukuta mtupu kwa darubini, moyo unapiga mpaka msalaba unaruka. Nikajua nimekosa, nikaanza kuona vikapu vya getini. Nikasema kwa sauti, Mungu anisamehe, mwamuzi alisikia: “Huyo wa shimoni amelala au ni ng'ombe?”

Ndipo ikapanda. Haikupanda kama zile nyingine, polepole kwa mnyororo. Iliruka. Kisahani kipya katikati. Na Kaka, juu ya ukuta, chini ya fremu, niliona vidole. Vya mtu, mikono miwili, kumi vyote, vimeshika mbao vikatulia hapo kidogo, kisha vikazama. Nilikuwa nimeshatoa komeo, bunduki tupu, lakini nilishtuka kama nimeguswa. Nimetazama karatasi kwa darubini miaka mingi. Sikuwahi kuona mtu upande wa pili.

Nilikuwa namba saba. Sasa naweza kukwambia.

Kaka, wewe ulikuwa namba ngapi?

Manati

*

Jumamosi, 1 Julai

Manati,

Barua zetu zimepishana njiani, kwa hiyo yangu umeshaisoma na jibu unalo. Yako nimeisoma nimesimama, halafu nimekaa, halafu nikamwamsha Kinyozi nikamsomea yeye. Amekaa kitandani ameshika kichwa.

Namba tatu nimemuulizia. Ni mzee mmoja mnene, mhasibu, mgonjwa wa mafua, ndiyo maana anapiga mbili anapumzika. Huyo ndiye niliyemlilia.

Kitu kimoja kinaninyima usingizi, nakwambia kama kilivyo. Ningejua namba saba ni wewe, ningeinua ile bendera nyekundu. Ningeogopa. Ningesema watasema anambeba mdogo wake, ningekaa kimya, na wewe leo ungekuwa unapekua vikapu. Nilikupigania kwa sababu sikukujua. Kila nikilifikiria hilo nasikia tena ile hewa juu ya utosi, kabla ya sauti.

Nakutumia kijiti na vipande viwili. Cha tatu nimebaki nacho, usikiombe. Mama akiuliza kama tulionana, mwambie ndiyo, na kwamba mikono ya sweta ni mifupi, wewe mwenyewe umeona vidole.

Kaka yako,
Ng'ombe wa namba saba